Fandesheni ya kijivu, wanja unaoshuka, na mengine mliyouliza

Safari hii safu yetu ya vipodozi ni ya uso wa kila siku: wa kazini, wa skuli, wa sokoni. Mambo ya bibi harusi tumeyaweka kando. Barua tumezifupisha, na zilizogusa jambo moja tumezijibu pamoja. Bei hatukuandika, maana sokoni Darajani hubadilika kabla jarida halijavuka kwenda Pemba.

Nafanya kazi ofisini, na rangi yangu ni maji ya kunde. Kila fandesheni ninayonunua, nikijitazama chumbani naiona sawa. Nikifika kazini wenzangu huniuliza kama naumwa. Uso umekuwa wa kijivu. Nimeshabadilisha chapa mpaka nimechoka. Ninunue ipi?
Msomaji, Kikwajuni

Kwanza usinunue. Ujivu mara nyingi hauletwi na chapa. Unaletwa na rangi isiyokuwa yako.

Ukisema maji ya kunde umesema uzito wa rangi tu, hujasema ngozi inavuta wapi. Wawili wanaweza kuwa maji ya kunde, mmoja akavuta manjano, mwengine wekundu. Wapo pia wanaovuta zaituni, yaani ukijani kidogo chini ya hudhurungi. Fandesheni inayovuta upinki ukiipaka juu ya ngozi ya manjano au ya zaituni hutoa kijivu hata kama uzito umelingana. Kwenye chupa nyingi namba hufuatwa na herufi: W ni ya ngozi inayovuta manjano, C ya inayovuta wekundu, N iko katikati. Chapa ya MAC huenda kinyume, NC yao ndiyo ya manjano na NW ya wekundu. Basi ukiazima namba ya shoga yako, uliza na chapa.

Sababu ya pili ni kuchagua rangi nyeupe kuliko ngozi kwa tamaa ya kung'aa. Fandesheni ya rangi nyeupe hubeba unga mweupe wa madini, titani dayoksaidi, na huo juu ya ngozi yenye rangi ndio unaoonekana kama vumbi. Sanskrini (krimu ya kukinga jua) nyeupe ya zinki ikiwa chini yake huzidisha.

Kupima kuna adabu zake. Usipime juu ya mkono. Mkono umeungua jua kwa namna yake na uso kwa namna yake. Chora mistari mitatu ya rangi tatu zinazofuatana, kutoka chini ya shavu kushuka kwenye taya mpaka shingoni. Toka nje ya duka ukasimame kivulini mlangoni, kwa sababu taa ndefu nyeupe za madukani hufanya kila rangi ionekane ya baridi. Kisha zunguka sokoni robo saa. Fandesheni ikikutana na mafuta ya ngozi hukolea, na iliyolingana mwanzo inaweza kugeuka nyeusi zaidi au ya kichungwa. Mstari usiouona baada ya hiyo robo saa ndio wako. Muuzaji akikukatalia kupima, nunua kwengine.

Jengine: wengi wetu paji la uso na pembezoni mwa mdomo ni peusi kuliko mashavu. Usitafute fandesheni ya kusawazisha vyote. Chukua rangi ya taya, paka katikati ya uso, na kuelekea kwenye paji iache ipotee yenyewe. Uso wenye rangi moja tupu kutoka nywele hadi kidevu hauonekani umetulia, unaonekana umepigwa rangi. Na ukipima, pima ukiwa na ushungi unaouvaa. Kitambaa cheusi huufanya uso uonekane mweupe kuliko ulivyo, cheupe huuonesha mweusi na kufichua kosa lolote.

Chupa uliyonayo usiitupe. Nunua ndogo iliyokoza zaidi na uchanganye juu ya kiganja, matone matatu ya ile ya zamani kwa tone moja la mpya, ukirekebisha mpaka ikubali. Usichanganye ndani ya chupa: moja ikiwa ya maji na nyengine ya silikoni zitatengana, utazikosa zote mbili.

Wale mlioandika kuhusu madoa ya chunusi, ujivu wenu una chanzo chake. Doa jeusi lina ubuluu ndani yake. Ukilifunika kwa konsila, krimu ya kufichia madoa, yenye rangi nyeupe kuliko ngozi, unapata kijivu. Tangulizeni rangi ya chungwa, na kwa ngozi nyeusi sana chungwa linaloelekea kwenye wekundu, tone dogo juu ya doa tu. Gongeni kwa ncha ya kidole cha pete, subirini dakika moja, ndipo fandesheni ipite juu bila kusugua.

Mimi ni mwalimu wa skuli. Natoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ikifika saa sita fandesheni imeyeyuka, pua inang'aa, na ushungi mweupe umeshika rangi kidevuni. Kabla ya fandesheni napaka mafuta ya nazi ili ishike. Nakosea wapi?
Mwalimu, Wete

Mwalimu, hayo mafuta ya nazi ndiyo yanayoiteremsha. Fandesheni hushika kwa kukauka ikawa utando mwembamba. Juu ya mafuta haikauki. Na mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, ndiyo maana kwetu huganda chupani kipupwe tu. Wenye chunusi tena yanawazibia vinyweleo. Yaweke kwa usiku: hakuna kitu chepesi cha kutolea maskara kuliko hayo, mradi uyaoshe kwa sabuni baadaye.

Asubuhi fuata hivi. Osha uso kwa sabuni isiyokausha, uuache na unyevu kidogo. Paka losheni nyepesi ya maji, kiasi cha mbaazi moja. Halafu sanskrini yenye kiwango cha kinga, SPF, cha 30 au zaidi: kamua mistari miwili kwa urefu wa kidole cha shahada na cha kati, hiyo ni ya uso na shingo. Watu hupaka robo ya hapo kisha wakasema haifanyi kazi. Subiri dakika kumi, piga pasi, funga mkoba. Ukipaka fandesheni juu ya sanskrini mbichi vitatoka vinyuzi vinyuzi usoni, na vikishatoka havirudi, itabidi uoshe uanze upya.

Fandesheni kwa uso mzima isizidi mbaazi moja. Sponji irowe maji, iminye mpaka isitoe tone, ndipo uitumie. Sponji kavu hunywa rangi yako yote. Anzia kando ya pua, katikati ya paji na kidevuni, palipo na wekundu au madoa, ukigonga kwenda nje. Ukifika pale ushungi unapokamata, acha patupu. Rangi isiyokuwapo haitoki kwenye kitambaa. Kisha poda: ya rangi ya ngozi, si ile nyeupe, na si uso mzima. Bonyeza kwenye pua, kando yake, kidevu na katikati ya paji. Mashavu yaache.

Vaa kofia ya ndani kabla ya kujipaka, na ushungi uuvae dakika tano baada ya poda. Hapo chini ya kidevu, bonyeza tishu moja kabla hujapiga pini.

Saa sita usipake poda juu ya jasho. Poda ikinywa maji huwa tope, na tope likikauka hupasuka kwenye mikunjo ya pua. Bonyeza tishu mpaka itoke kavu, subiri kidogo, ndipo poda kidogo puani. Siku ya michezo uwanjani sanskrini inataka kurudiwa kila baada ya saa mbili. Weka kidogo kwenye sponji ukagonge juu ya vipodozi, usipanguse.

Ushungi ulioshika rangi usiulowanishe kwanza. Tone la sabuni ya vyombo juu ya doa kavu, dakika kumi, kisha maji baridi yapitishwe kwa upande wa nyuma yasukume doa litoke. Dawa ya kung'arishia nguo haisaidii: rangi ya fandesheni ni oksidi ya chuma, jamaa wa kutu, na klorini haiiwezi.

Nina uso wa duara na mashavu manene. Video zote zinasema nichore vivuli mashavuni, kwenye pua na chini ya taya. Nikifanya hivyo naonekana nina uchafu. Je, kuna rangi maalumu?
Mwanafunzi wa chuo, Tunguu

Rangi haina kosa, mwanga ndio tofauti. Taa ya kurekodia hupiga uso kwa mbele na kuufanya bapa, ndipo mpambaji anaporudisha vivuli kwa brashi. Wewe ukitoka darasani saa saba mchana jua liko utosini, limeshakuchorea vivuli vyake chini ya nyusi, chini ya pua na chini ya kidevu. Ukiongeza vyako unapata michirizi. Kwa mchana wa kwetu tunakushauri uache kontua, yaani hivyo vivuli vya kuchora, kabisa, ufanye kazi na blasha, rangi ya mashavu, na ushungi.

Blasha kwa uso wa duara ianze usawa wa mboni ya jicho, isikaribie pua kwa upana wa vidole viwili, na ipande mshazari juu ya kitefute kuelekea kwenye panja. Ukicheka na kuipaka kwenye tufe la shavu, ukiacha kucheka itashuka na kuongeza duara. Uso mrefu ni kinyume: ipite mlalo katikati ya shavu, isishuke chini ya usawa wa ncha ya pua, wala isipande. Mwenye taya pana aiweke juu na ndogo, macho ya watu yabaki huko. Mwenye kidevu chembamba na paji pana anaweza kuishusha kidogo.

Kwa rangi, ngozi nyeusi isiogope. Tofali, zambarau ya kukoza, na damu ya mzee, hizo zikiwa kwenye kopo hutisha na usoni hukaa kama damu inayopita chini ya ngozi. Blasha ya kipichi hafifu juu ya ngozi hiyo huwa chaki. Gusa brashi mara moja, kung'uta, paka; kuongeza ni rahisi kuliko kupunguza.

Ushungi ndio fremu yenyewe, na unafanya zaidi ya kontua yoyote. Ukiukaza kwenye mashavu na kupiga pini katikati ya kidevu, unasukuma nyama mbele. Ulegeze pembeni uteremke wima, uinue kidogo juu utosini, na pini iwe upande, karibu na sikio. Mwenye uso mrefu aushushe kwenye paji kwa upana wa kidole na aache ujazo pembeni.

Mlioomba kupunguza pua kwa mistari miwili: kwa kila siku, acheni. Inaonekana kutoka mbali kuliko pua.

Navaa nikabu, kwa hiyo macho ndiyo yanayoonekana tu. Ni madogo, na ngozi ya juu inafunika kikope. Nikitia wanja, baada ya saa moja umehamia juu na umeshuka chini. Nyumbani tunatumia wanja wa manga. Nifanyeje?
Dada, Chake Chake

Wanja wako unahamishwa na vitu viwili tofauti. Wa juu unahamishwa na huo mkunjo: kila ukipepesa, ngozi inagusa mstari na kuuchapa juu. Wa chini unaharibiwa na nikabu yenyewe. Pumzi ya joto hupanda ndani ya kitambaa na kutokea kwenye uwazi wa macho, na ukingo wa kitambaa husugua kope za chini. Kwa hiyo chini pasitiwe kitu. Hilo peke yake linaondoa nusu ya tabu.

Juu, anza kwa kukausha. Futa mafuta kwenye kikope kwa pamba kavu, gonga poda kidogo sana kwa brashi ndogo. Krimu na sanskrini zisipande mpaka kwenye kope. Zikiyeyuka zinachukua wanja. Tazama kioo moja kwa moja, macho wazi, usiyavute. Kwa penseli kavu au wanja wa maji unaokauka, weka nukta katikati ya mizizi ya kope, kisha nukta nyengine kuelekea pembe ya nje, halafu uziunganishe. Mstari uwe mwembamba kiasi cha kujaza mapengo ya kope tu. Unene wote ukae kwenye theluthi ya nje. Mkia, ukiutaka, uanze pale unapoishia mkunjo ukiwa umefungua macho. Wengi huuchora wamefumba, na wakifumbua unavunjika katikati.

Rangi ya macho isiyometameta, hudhurungi iliyokolea kidogo kuliko ngozi yako, ipake juu kidogo ya mkunjo ili ionekane ukifungua macho. Bana kope kwa kibanio kabla ya maskara, sekunde kumi kila upande. Maskara ikiwa bado mbichi usitazame juu.

Kwa wasomaji wengine: macho yaliyotokeza hutulizwa na wanja mweusi kwenye ukingo wote wa juu na rangi isiyong'aa. Yaliyozama yanataka rangi nyepesi kwenye kikope na weusi ukae mbali na shimo. Yaliyokaribiana, acha theluthi ya ndani bila wanja. Yaliyoachana, upeleke mpaka pembe ya ndani.

Sasa wanja wa manga. Jiwe linalosagwa mara nyingi ni galena, ambalo ni madini ya risasi. Risasi hiyo huingia mwilini kupitia machozi na vidole vinavyofika mdomoni, na hatari kubwa ni kwa watoto, kwani huathiri ubongo unaokua. Marekani wanja wa aina hiyo hauruhusiwi kuuzwa. Tunajua desturi ya kumtia mtoto mchanga wanja imekaa sana majumbani, na bibi hawapendi kusikia haya. Mtoto asitiwe, ndani ya jicho wala kwenye nyusi. Nawe tumia penseli ya dukani yenye orodha ya viambato, bila neno *kohl stone*, *surma* wala *lead sulfide*.

Mdomo wangu wa juu ni mweusi na wa chini una upinki katikati. Lipstiki yoyote inatoka rangi mbili.
Msomaji, Fuoni

Ni maumbile ya kawaida kwa ngozi nyeusi, hayahitaji dawa. Kazi ni kusawazisha chini ya lipstiki.

Paka mafuta ya midomo unapoanza kuvaa, uyafute kwa tishu ukimaliza vipodozi vyengine. Chukua penseli ya midomo ya hudhurungi inayokaribia rangi ya mdomo wa juu. Zungushia midomo yote miwili ndani ya mpaka wake wa asili, kisha *jaza* ule wa chini mzima kwa penseli hiyo hiyo. Gonga kwa kidole mpaka midomo ilingane. Juu yake lipstiki nyembamba, bana tishu, rudia. Watu hufanya kinyume, wanaupaka wa juu konsila uwe mweupe. Baada ya chai konsila imekwenda na weusi umerudi kwa pete.

Rangi zinazovumilia tofauti ni zile zenye uzito: damu ya mzee, tofali, hudhurungi ya kahawa, zambarau ya zabibu. Upinki wa maziwa utakusumbua siku zote. Midomo minene ikiwa hutaki ionekane zaidi, chagua isiyong'aa. Myembamba ipe mng'ao katikati ya mdomo wa chini tu. Mwezi wa Ramadhani midomo ikikauka, isugue usiku kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na ulale na mafuta. Lipstiki kavu juu ya magamba haina msaada.

Naweza kupaka piko kwenye nyusi ili nisichore kila siku?
Msomaji, Jang'ombe

Hapana. Piko nyeusi kwa kawaida ni rangi ya nywele yenye PPD, kemikali inayoweza kuleta mzio mkali: uvimbe, malengelenge, na karibu na jicho hatari ni ya kupofuka. Marekani mwaka 1933 rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure, yenye dawa hiyo hiyo, ilipofua watu, na mikasa kama hiyo ilichangia sheria yao ya vipodozi ya 1938. Kwamba ulishapakwa piko mkononi bila shida hakukulindi. Mzio huu hujengeka, na siku unapoamka huwa umeamka kwa maisha yako yote.

Nyusi za penseli zinachukua dakika mbili ukijua mipaka. Simamisha penseli wima kando ya pua: hapo unyusi uanze. Ielekeze kutoka kando ya pua kupitia ukingo wa nje wa mboni: hapo unyusi ufike juu kabisa. Ielekeze mpaka pembe ya nje ya jicho: hapo uishe, na mkia usishuke chini ya usawa wa mwanzo. Tumia hudhurungi nyeusi, si nyeusi tupu. Chora vinywele vifupi palipo na pengo, na mwanzo wa unyusi uchane kwa brashi mpaka ufifie. Nyusi zilizoanza kwa ukuta ndizo zinazompa mtu uso wa hasira.

Nilinunua krimu ya kutakatisha uso, imenipa rangi nzuri lakini nikiacha siku mbili uso unawaka na chunusi zinatoka. Fandesheni yangu pia hailingani tena.
Msomaji, Mwanakwerekwe

Hiyo dalili ya kuwaka ukiacha ni ya steroidi, dawa kali ya ngozi. Huenda ni mkorogo uliojazwa kwenye kopo lisilo na orodha ya viambato. Kama kopo lina maandishi, tafuta maneno haya kama yalivyo: *hydroquinone*, *mercury* na *calomel* (zote mbili ni zebaki), *clobetasol*, *betamethasone*. Zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu. Steroidi hukondesha ngozi mpaka mishipa ya damu ikaonekana. Haidrokwinoni ya muda mrefu huweza kuacha weusi wa kibuluu mashavuni usiotoka kwa krimu yoyote. Mkataba wa Minamata wa 2013 unazitaka nchi wanachama ziondoe vipodozi vyenye zebaki, na kwetu udhibiti uko kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA. Peleka kopo huko.

Kuacha usijiachie peke yako, hasa kama umetumia muda mrefu. Muone daktari wa ngozi akupunguzie hatua kwa hatua. Wakati huo usitie fandesheni nzito juu ya ngozi inayowaka. Sanskrini yenye rangi ya ngozi inatosha, na oksidi ya chuma iliyomo inazuia pia mwanga wa kawaida unaorudisha madoa, jambo ambalo sanskrini isiyo na rangi hailifanyi vizuri. Fandesheni mpya isubiri mpaka rangi yako itulie.

Nina miaka 61. Poda inakaa kwenye mikunjo na kunizeesha zaidi. Niache kabisa?
Mama, Bububu

Shikamoo mama. Acha poda, usiache kujipamba. Losheni yenye ujazo zaidi, isubiri iingie, halafu fandesheni nyepesi kwa vidole, nusu ya mbaazi. Chini ya macho gonga kilichobaki kidoleni tu. Blasha ya krimu badala ya ya unga, juu kidogo kuliko ulivyozoea, kwani mashavu yanashuka. Penseli ya midomo ni lazima, bila hiyo lipstiki hukimbilia kwenye mistari. Wanja wa kahawia utakupendeza kuliko mweusi.

Miwani inaacha alama mbili puani, na macho yanapotea. (Mpendae) Na je, maskara isiyoingia maji na udhu? (Mkoani)

Pale miwani inapokaa pasiwe na fandesheni, poda pekee. Lenzi za wasioona mbali hupunguza macho: tia maskara zaidi na wanja mwembamba. Lenzi za wasioona karibu huyakuza, pamoja na kila kosa, basi wanja uwe laini uliochanganywa kwa brashi.

Hukumu ya udhu muulize shekhe wako. Kwa upande wa vipodozi, maskara isiyoingia maji na lipstiki za kushika siku nzima huacha utando ambao maji hayapiti, na hutoka kwa mafuta. Kuna maskara inayotoka kwa maji ya vuguvugu kwa vipande vipande bila kuchafua, tafuta hiyo. Baada ya adhuhuri kazini usijenge uso upya. Futa kwa kubonyeza, poda yenye rangi puani, midomo, basi.

Dada zangu wanatumia maskara moja, na kila harusi inazunguka nyumba nzima. Vitu hivi hukaa muda gani?
Msomaji, Konde

Maskara na wanja wa maji ni miezi mitatu tangu kufunguliwa, na ni vya mtu mmoja. Macho mekundu yakiingia nyumbani, vitupwe. Usisukume brashi juu na chini ndani ya kichupa. Unapeleka hewa na vijidudu, na ndiyo sababu hukauka mapema. Vilivyobaki vina mchoro wa kikopo kilicho wazi chenye namba, 6M au 12M, hiyo ni miezi. Kwa joto letu, chupa inayokaa dirishani haifiki hapo. Lipstiki ikinuka kama mafuta yaliyoharibika imekwisha. Penseli ikichongwa inajisafisha, kwa hiyo hiyo azimaneni kama ni lazima, mchonge kwanza. Sponji ioshwe kwa sabuni kila siku mbili na ikaushwe nje, si ndani ya mkoba.

Poda iliyoshika utando mgumu juu haijaharibika. Ni mafuta ya uso yaliyobebwa na sponji. Bandika selotepu, bonyeza, ivute, na chini utaikuta laini.